Ronald Ross: daktari aliyehesabu mbu na watu

Kila mpishi wa Ifakara anajua kwamba wali hauharibiwi na mchele peke yake wala na maji peke yake. Unaharibiwa na uwiano. Maji yakizidi unapata bokoboko, yakipungua unatafuna kiini. Fundi ujenzi anajua hivyo hivyo kuhusu saruji na mchanga. Kijana anayebeba gunia la mpunga kwa baiskeli naye anajua kwamba duara la meno la mbele likilinganishwa na lile la nyuma ndilo linaloamua kama atapanda kilima akiwa amekaa au atashuka asukume.

Wasikilizaji wetu wengi hutuuliza swali moja kila masika yanapoanza. Mbu wa bonde hili hawahesabiki, mashamba ya mpunga yamejaa maji, Mto Lumemo umefurika. Je, kuna maana gani kupambana na malaria wakati hatuwezi kuwamaliza mbu? Swali hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Mtu wa kwanza kulijibu kwa hesabu alikuwa daktari Mwingereza aliyezaliwa India, Ronald Ross. Jibu lake lilikuwa kwamba si lazima kuwamaliza mbu. Kinachotakiwa ni kuvunja uwiano kati ya mbu na watu. Katika makala haya tunaeleza maisha yake, na kwa nini hesabu yake inatuhusu sisi wa Kilombero kuliko watu wengi duniani.

Mtoto aliyetaka kuwa msanii

Ross alizaliwa tarehe 13 Mei 1857 katika mji wa Almora, kwenye milima ya kaskazini mwa India. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza nchini humo. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto kumi, na alipofikisha miaka minane alipelekwa Uingereza kusoma na kulelewa na ndugu.

Yeye mwenyewe hakutaka udaktari. Alipenda kuandika mashairi, kutunga muziki, kuchora na kupiga hesabu. Baba yake ndiye aliyeamua. Ross akaingia chuo cha udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London, akasoma bila bidii kubwa, akashindwa moja ya mitihani yake na kufanya kazi ya daktari wa melini kabla ya kurudia. Mwaka 1881 aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni ya India.

Miaka yake ya mwanzo kazini ilikuwa ya kawaida. Alitibu askari, na muda uliobaki aliutumia kuandika na kujifundisha hisabati mwenyewe kwa vitabu. Watu waliomwona akihangaika na namba waliona ni anasa ya daktari mwenye nafasi. Baadaye ndizo zilizomtofautisha na madaktari wenzake.

Pipa la Bangalore

Mwaka 1883 Ross alikuwa Bangalore, kusini mwa India. Nyumba aliyopewa ilikuwa nzuri, ila mbu walimsumbua kuliko walivyowasumbua majirani. Akachunguza na kukuta pipa la maji karibu na dirisha lake, limejaa viluwiluwi. Alipolimwaga, mbu wakapungua sana ndani ya nyumba.

Jambo hilo linaonekana dogo. Kila mama wa hapa kwetu anajua kwamba maji yaliyosimama huleta mbu. Lakini angalia alichokiona Ross. Mbu hawakwisha Bangalore. Walipungua kwake, na tofauti aliisikia. Wakati huo hakujua kwamba mbu wana uhusiano wowote na homa. Aliona tu kwamba idadi yao inaweza kubadilishwa na mkono wa mtu.

Kazi ya darubini

Malaria ilikuwa ikiua watu wengi India, na hakuna aliyejua inavyoenea. Wengi waliamini inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kiitaliano. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alikuwa ameviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa. Swali lililobaki ni namna vimelea hivyo vinavyotoka kwa mtu mmoja na kumfikia mwingine.

Mwaka 1894 Ross akiwa likizo London alikutana na Patrick Manson, daktari aliyewahi kugundua nchini China kwamba minyoo ya matende huingia katika mwili wa mbu. Sisi wa Kilombero tunaoyafahamu matende na mabusha tuna sababu ya kulikumbuka jina hilo pia. Manson alimwonyesha Ross vimelea vya malaria kwa darubini, akamweleza kwamba anashuku mbu.

Ross akarudi India mwaka 1895 na kuanza kazi huko Secunderabad. Aliwalisha mbu damu ya wagonjwa, kisha akawapasua mmoja mmoja na kuwatazama. Mgonjwa mmoja aliyeitwa Husein Khan alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyemuuma. Joto lilikuwa kali, lakini Ross hakuweza kutumia feni kwa sababu ingepeperusha mbu wake. Jasho lake lilizifanya skrubu za darubini zishike kutu.

Kwa miaka miwili hakupata kitu, kwa sababu alikuwa akipasua mbu wa aina nyingine kabisa, wasiobeba malaria ya binadamu. Hilo ni somo la kwanza la uwiano katika maisha yake. Katika mbu wengi wanaoruka nyumbani, wanaoweza kubeba malaria ni sehemu tu, na anayehesabu mbu wote kwa pamoja hupotea.

Agosti 1897 wasaidizi wake walimletea mbu wachache wenye mabawa ya madoadoa, wale tunaowaita leo Anopheles. Aliwalisha damu ya Husein Khan, akasubiri. Tarehe 20 Agosti 1897, akiwa amebakiwa na mbu wachache sana, alimpasua mmoja na kukuta kwenye ukuta wa tumbo lake uvimbe mdogo wenye chembe nyeusi kama zile za vimelea vya malaria. Ndiyo sababu tarehe 20 Agosti ni Siku ya Mbu Duniani.

Haikuishia hapo. Mwaka uliofuata, akiwa Calcutta, alitumia ndege wenye malaria yao, kwa kuwa wagonjwa wa kibinadamu walikuwa vigumu kupatikana. Pamoja na msaidizi wake Mohammed Bux alivifuata vimelea hadi kwenye tezi za mate za mbu. Hapo njia yote ikawa wazi: mbu hunyonya vimelea kwa mgonjwa, vimelea hukomaa mwilini mwake kwa siku kadhaa, kisha humwagwa kwa mate kwenye mwili wa mtu mwingine. Mwishoni mwa 1898 wanasayansi wa Italia, akiwemo Giovanni Battista Grassi, walithibitisha jambo hilo kwa binadamu.

Ross alipata tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1902. Hakuwa mtu mpole. Aligombana na Grassi kwa miaka mingi kuhusu nani alitangulia, na alilalamika hadi uzeeni kwamba serikali haikumlipa stahili yake. Wahindi waliokamata mbu, kutoa damu na kufuga ndege hawakupata sehemu ya sifa inayolingana na jasho lao. Tunalisema hilo kwa sababu hata sifa ina uwiano wake.

Hesabu ya mbu 48

Baada ya ugunduzi, wengi walimwambia Ross kwamba umefika bure. Mbu ni wengi mno, na kuwaua wote haiwezekani. Wakosoaji walitaja jaribio lililofanywa Mian Mir, kambi ya jeshi karibu na Lahore, ambako kuua viluwiluwi hakukuleta nafuu iliyotarajiwa. Ross naye alitaja mji wa Ismailia, Misri, kando ya Mfereji wa Suez. Huko, baada ya kazi ya kukausha madimbwi iliyoanza mwaka 1902, wagonjwa wa malaria walishuka kutoka zaidi ya 1,500 mwaka huo hadi mia mbili na kitu mwaka 1903.

Kwa nini njia ile ile ifaulu sehemu moja na kushindwa sehemu nyingine? Mwishoni mwa mwaka 1907 Ross alitumwa Mauritius, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichokuwa kikiumizwa na malaria. Alitumia njia ya kupapasa bandama za watoto ili kujua ni sehemu gani ya watoto wa kila eneo wameathirika. Kisha akakaa na kalamu. Katika ripoti yake ya 1908, na zaidi katika kitabu chake cha 1910 kuhusu kuzuia malaria, aliweka hesabu ambayo hata sisi tunaweza kuifuata bila kikokotoo.

Chukua kijiji cha watu 1,000 chenye mgonjwa mmoja tu wa malaria, na mbu 48,000 wa Anopheles. Gawanya, utapata mbu 48 kwa kila mtu. Si kila mbu anafanikiwa kumuuma mtu. Ross alikadiria robo tu, kwa hiyo mbu 12 ndio watakaomuuma mgonjwa yule. Si kila mbu anaishi muda wa kutosha vimelea vikomae ndani yake. Alikadiria theluthi moja, hivyo wanabaki mbu 4. Na kati ya hao, robo ndio watakaofanikiwa kuuma tena, yaani mbu mmoja. Mbu arobaini na nane wameishia kuambukiza mtu mmoja.

Sasa punguza mbu kwa nusu. Wapo 24 kwa kila mtu. Wanaouma ni 6, wanaoishi ni 2, na anayeuma tena ni nusu ya mmoja. Maana yake wanahitajika wagonjwa wawili ili apatikane mgonjwa mpya mmoja.

Ross aliongeza mambo mawili mengine. La kwanza, si kila mgonjwa ana vimelea vinavyoweza kumwingia mbu. La pili, kila mwezi wapo wagonjwa wanaopona. Wagonjwa wapya wakiwa wachache kuliko wanaopona, ugonjwa unapungua wenyewe mwezi hadi mwezi, mpaka unakwisha, na mbu bado wapo wanaruka. Kwa makadirio yake, mpaka huo ulikuwa karibu mbu 40 kwa kila mtu kwa mwezi. Juu ya hapo malaria inajitegemea. Chini ya hapo inakufa polepole.

Namba zenyewe zilikuwa za mfano, na leo wanasayansi wanazo nyingine. Kilichobaki ni wazo: kuna mpaka, na mpaka huo ni uwiano. Ni kama mzani wa sokoni. Huhitaji kumwaga mchele wote ili upande wa pili ushuke; unahitaji kupunguza hadi kipimo fulani tu.

Mwisho wa maisha yake

Ross alipewa cheo cha heshima cha Sir mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, mwanawe wa kiume aliuawa Ufaransa mwezi Agosti 1914. Mwaka 1926 ilifunguliwa London taasisi yenye jina lake kwa ajili ya magonjwa ya nchi za joto. Mwaka uliofuata alipata kiharusi. Mke wake Rosa alifariki mwaka 1931, na Ross mwenyewe tarehe 16 Septemba 1932, katika taasisi hiyo hiyo.

Kazi yake ilianza kuwalinda kwanza askari na maofisa wa kikoloni, na watu wa vijijini walifikiriwa mwisho. Lakini hesabu haina mwenyewe. Katika miaka ya 1950, George Macdonald, aliyekuja kuiongoza taasisi ya Ross, aliiendeleza na kuonyesha ni sehemu gani ya mnyororo ule yenye nguvu kuliko zote. Ni umri wa mbu.

Vimelea huhitaji takriban siku kumi kukomaa ndani ya mbu. Chukua mbu 100. Kama kila siku wanabaki hai 90 kati ya kila 100, baada ya siku kumi watakuwepo karibu 35 wenye umri wa kuambukiza. Kama kila siku wanabaki 80 kati ya 100, baada ya siku kumi watakuwepo kama 11. Wakibaki 70 kati ya 100, watafika 3 tu. Badiliko dogo la kila siku limekuwa badiliko kubwa sana mwishoni, kwa sababu uwiano ule unajizidisha mara kumi mfululizo. Hapo ndipo chandarua chenye dawa kinapopata nguvu. Mbu hutafuta damu kila baada ya siku mbili au tatu, na kila akija kwenye chandarua chenye dawa yuko hatarini kufa kabla hajazeeka.

Hesabu hii hapa Kilombero

Bonde letu limechangia hesabu hii kuliko watu wengi wanavyojua. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alianzisha maabara hapa Ifakara, na kazi hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Utafiti uliofanywa katika kijiji cha Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku.

Namba hiyo inajibu sehemu ya malalamiko yetu. Ukianzia juu sana ya mpaka wa Ross, ukapunguza nusu, bado mtu anaumwa mara 150 kwa mwaka, na bado anaugua. Anayefukia dimbwi moja na kuona homa iko pale pale hajakosea njia. Bado hajaufikia mpaka. Sehemu zenye mbu wachache hufika mapema. Sisi safari yetu ni ndefu na inahitaji njia nyingi kwa pamoja.

Lakini hata kabla ya kufika, kuna faida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga ziliendesha mradi wa KINET, ulioeneza vyandarua vya Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Wapo vijana wa bonde hili walio hai leo kwa sababu ya asilimia hiyo.

Watafiti wa hapa wameonyesha jambo jingine. Sehemu kubwa ya watu wa kijiji wakilala ndani ya vyandarua vyenye dawa, hata jirani asiye nacho hupata nafuu, kwa sababu mbu wazee wamepungua kijiji kizima. Chandarua chako kinamlinda na mtoto wa mwenzako.

Na lile somo la Secunderabad limejirudia kwetu. Katika vijiji vingi vya bonde hili, mbu aitwaye Anopheles funestus si mwingi kuliko wenzake, lakini watafiti wamekuta kwamba ndiye anayesababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Mbu wanaotupigia kelele usiku si lazima wawe ndio wanaotuua.

Uwiano wa kukumbuka nyumbani

Kipimo kinachopendekezwa ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Familia ya watu watano inahitaji vitatu, ya watu saba inahitaji vinne. Hesabu hiyo ifanywe mahali watu wanapolala, si mahali walipoandikishwa. Wakati wa kulinda mpunga, nusu ya familia huhamia kwenye vibanda vya shambani na vyandarua hubaki mjini vimekunjwa. Nyumbani uwiano umetimia, shambani ni sifuri.

Dawa mseto nayo ni uwiano. Kiasi hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, ndiyo maana zahanati humweka mtoto kwenye mizani kabla ya kumpa vidonge. Mtoto wa kilo 12 na mtoto wa kilo 20 hawapewi sawa, hata kama ni ndugu na homa yao imeanza siku moja. Kugawana dozi moja kwa wawili kunawaacha wote wawili na vimelea, na vimelea hivyo ndivyo mbu wa usiku anavyovifuata. Kamilisha siku zote tatu.

Mbu hawataisha Kilombero, na mpunga hautalimwa bila maji. Lakini kila chandarua kinachoshushwa kabla ya giza, kila dozi inayokamilishwa na kila dimbwi linalofukiwa linapunguza namba moja katika hesabu ya Ross. Leo usiku hesabu watu watakaolala nyumbani kwako, kisha hesabu vyandarua. Kama vyandarua havifiki nusu ya watu, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako kesho asubuhi.